Jinsi ya Kuikabili Sahani Kubwa ya Asubuhi ya Kimarekani

Kuna migahawa Marekani ambako ukiagiza pankeki moja unaletewa moja kweli, ila imeifunika sahani mpaka kingo hazionekani. Inayosifika sana kwa vituko hivyo ni Hash House A Go Go, iliyoanzia San Diego mwaka 2000 kisha ikajitanua hadi Las Vegas. Huko kuku wa kukaanga anapangwa na wafo (mikate ya unga laini iliyookwa kwenye chuma chenye vijumba vijumba) kwenda juu, ghorofa kwa ghorofa, na kitawi cha rozimari kinasimikwa kileleni. Seattle kuna Beth's Cafe, iliyojijengea jina kwa kimanda cha mayai 12. Na miji mingi ina mgahawa wake usiojulikana nje ya mtaa, wenye kahawa isiyokauka kikombeni, ambako sahani ya mtu mmoja ingewatosha watu watatu.

Mwongozo huu ni wa mgeni. Labda umekuja kumtembelea mwanao anayesoma, labda umehamia majuzi, na wenyeji wako wamekwambia: Jumamosi tunakwenda kunywa chai nje. Usidhani ni chai na mandazi mawili.

Kwanza ujue kwa nini sahani ni kubwa hivyo. Unga, viazi na mayai ni vitu vya bei nafuu ukilinganisha na kodi ya jengo na mishahara ya watu. Mwenye mgahawa akiongeza viazi kiganja kimoja hapati hasara kubwa, lakini mteja anaondoka akisimulia, anapiga picha, na kesho analeta wenzake. Bei nayo inapanda bila kelele, kwa kuwa nani atalalamikia dola 20 na ushee mbele ya mlima ule? Hesabu hii huyumba mara mojamoja. Februari 2025, homa ya ndege ilipopunguza kuku wa mayai, migahawa ya Waffle House iliongeza senti 50 kwa kila yai. Lakini kwa kawaida ukubwa ndio tangazo lenyewe, na hakuna anayetarajia uumalize. Mhudumu haudhiki ukibakisha. Kwa hiyo ile adabu tuliyolelewa nayo, ya kusafisha sahani ili mwenyeji asione umemdharau, iache mlangoni.

Jambo la kushika kuliko yote: kazi iko kwenye kuagiza. Uma ukishaingia, mambo yameshaamuliwa.

Hatua ya 1: Chagua saa

Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa saba mchana, foleni inatoka nje ya mlango. Ni saa zetu hizi ninazotaja, ukitazama simu ongeza au punguza sita. Fika kabla ya saa mbili na nusu, au nenda siku ya kazi. Ukikuta foleni, usikae tu ukisubiri kuitwa: nenda kwa mtu aliyesimama mlangoni, mpe jina na idadi ya watu. Mara nyingi atachukua namba ya simu, akutumie ujumbe meza ikiwa tayari. Jina refu litamsumbua, kwa hiyo wengi wetu hutoa la kifupi.

Chicago, Lou Mitchell's, mgahawa wa tangu 1923 karibu na mwanzo wa ile barabara kuu ya zamani ya Route 66, una desturi ya kuwagawia wanaongoja donati ndogo za mviringo. Pokea moja, mshukuru, usiongeze ya pili. Kilichoko ndani kinatosha.

Tahadhari ya haraka: mingi ya migahawa hii hufunga saa nane au saa tisa mchana. Ukipanga kwenda jioni utakuta viti vimepandishwa juu ya meza.

Nyumbani kunywa kikombe kimoja tu cha chai kabla ya kutoka. Kwenda na njaa kali ni kubaya kuliko kwenda umeshiba, kwa sababu mwenye njaa huagiza kwa macho.

Hatua ya 2: Isome menyu kwa kutafuta kilichojificha chini ya jina

Menyu ni ndefu, na jina la sahani halisemi nusu ya kinachokuja. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina, mstari mpaka mstari. Majina machache utakayokutana nayo popote:

"Hash" ni viazi vilivyokatwakatwa, vikakaangwa pamoja na nyama na vitunguu, kisha mayai yakawekwa juu. "Hash browns" ni viazi tu, vilivyokwaruzwa vikakaangwa hadi vikawa na ganda la kahawia. "Biscuits" ni vimkate vinene vilaini, vya moto, na vikija na "gravy" maana yake vimemwagiwa mchuzi mweupe mzito wa unga na maziwa, ambao kwa kawaida una soseji ya nguruwe. "Benedict" ni mayai yaliyochemshwa bila ganda, yakakalishwa juu ya mkate na kipande cha nyama, yakamwagiwa sosi ya viini vya mayai, siagi na limau. "Grits", utakayoikuta zaidi majimbo ya kusini, ni uji mzito wa mahindi yaliyoparazwa. Mtu wa kwetu hana haja ya kuelezwa zaidi, ila wao huweka siagi na chumvi, na wengine jibini.

Halafu kuna "short stack", neno la kuokoa maisha. Ni pankeki mbili au tatu badala ya rundo zima. Lakini kwenye migahawa ya sahani kubwa hata hiyo uliza kwanza: kila moja ina upana gani? Muombe mhudumu akuonyeshe kwa mikono. Hawashangai, wameshazoea kuulizwa. Njia nyingine ni kutazama meza za jirani unapopita kwenda kuketi. Hakuna picha ya menyu iliyo ya kweli kama sahani ya jirani.

Hatua ya 3: Nguruwe, na namna anavyoingia bila kutajwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapopata shida, Waislamu na Wasabato kwa pamoja.

Asubuhi ya Kimarekani imejengwa juu ya nguruwe. Bekoni, hamu ("ham", nyama ya paja), na soseji isiyotajwa aina ni nguruwe, usijidanganye. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ukiagiza kuku unaweza kuletewa nguruwe vilevile. Mfano mzuri ni hao hao Hash House A Go Go. Ile sahani yao maarufu ya kuku wa kukaanga na wafo, ambayo kila mgeni anataka kuipiga picha, huja na wafo zilizookwa bekoni ndani yake, kipande kizima kimelala katikati ya unga. Benedict yao ya kuku nayo ina bekoni kati ya kuku na mayai. Jina linasema kuku, na kuku yupo kweli.

Kwa hiyo usiulize tu "hii ni nyama gani?" Uliza maswali matatu. Je, kuna bekoni au hamu mahali popote kwenye sahani hii? Mnakaangia mafuta gani, ya mimea au ya nguruwe? Mnaweza kunipikia mayai yangu kwenye kikaango safi, mbali na pale mnapokaangia bekoni? Hili la tatu ndilo linalosahaulika. Jikoni kwao kuna bamba moja refu la chuma, na juu yake vinapita bekoni, pankeki, mayai na viazi, asubuhi nzima. Mgahawa ulio mtulivu watakukubalia kikaango cha pembeni. Saa nne ya Jumapili watakwambia kwa upole kwamba haiwezekani, na hapo uamuzi ni wako na imani yako.

Bekoni ya bata mzinga hupatikana sehemu nyingi, lakini kutokuwa nguruwe hakuifanyi kuwa halali: hujui imechinjwaje, na inakaangwa kwenye bamba lile lile. Ukitaka usalama bila maswali mengi, agiza yai la kuchemsha na ganda lake, mkate wa kuchoma, matunda, na uji wa shayiri. Si vitu vya kupigia picha, lakini utakula ukiwa na amani. Kama mmoja wenu ana mzio wa njugu au maziwa, mseme mwanzoni kabisa, kabla hata ya vinywaji.

Hatua ya 4: Agiza kwa ajili ya meza, si kwa ajili ya mtu

Sisi watu wa sinia tuna bahati hapa. Mmarekani wa kawaida huagiza sahani yake na huilinda. Wewe una desturi ya kula pamoja, itumie.

Kanuni yangu kwa migahawa ya aina hii ni sahani moja kwa watu wawili, na ikiwa mko watano, agizeni tatu basi. Sahani mbili ziwe za chumvi, moja ya sukari. Mpangilio huu ni bora kuliko wa kila mtu kuchagua lake, kwa sababu pankeki kubwa ina raha kwa matonge kumi ya kwanza tu. Baada ya hapo ni unga na asali ya maji. Ukiila kwa zamu na mayai na viazi, inabaki tamu mpaka mwisho. Mkiagiza pankeki tatu watu watatu, zote tatu zitakwenda nyumbani zimelowa.

Mwambie mhudumu mapema kuwa mtagawana, na muombe sahani tupu za ziada. Baadhi ya migahawa hutoza dola chache kwa kugawana sahani, na huandika hivyo chini ya menyu kwa herufi ndogo. Lipa. Hata ukijumlisha hiyo, bado ni nafuu kuliko sahani ya pili itakayoliwa robo.

Kama una mzee mezani, mama mkwe au babu aliyesafiri safari ndefu, usimwachie menyu ya kurasa nane akahangaika nayo. Muulize tu: "Mama, utapenda mayai au kitu kitamu?" kisha umwagizie. Migahawa mingi ina sehemu ya menyu kwa wenye umri wa miaka 55 kwenda juu, ambako sahani ni ndogo na bei ni ndogo. Menyu ya watoto nayo ipo, ingawa wengi huiweka kwa walio chini ya miaka kumi hivi. Mtu mzima akiomba sahani ya mtoto, wengine watamkubalia na wengine watakataa.

Vya pembeni ndiyo njia ya siri. Yai moja, kipande cha mkate, bakuli la matunda: unaweza kuagiza kimoja kimoja na ukajijengea kifungua kinywa cha ukubwa wa binadamu ndani ya nyumba ya majitu. Bei ikijumlishwa haipungui sana, lakini tumbo litakushukuru.

Hatua ya 5: Jiandae kwa maswali ya mhudumu

Ukishataja sahani unadhani umemaliza. La. Atakuuliza mayai unayatakaje, na atauliza haraka.

"Sunny side up" ni yai lisilogeuzwa, kiini kinakutazama. "Over easy" limegeuzwa kidogo na kiini bado ni maji. "Over medium" kiini kimeanza kushika. "Over hard" limeiva hadi ndani. "Scrambled" ni ya kuvuruga. Wengi wa kwetu hawapendi kiini kinachotiririka, na kwa mama mjamzito au mzee ni busara kuchagua kilichoiva, basi kumbuka "over hard" na utakuwa salama. Kisha atauliza mkate: mweupe, wa ngano nzima, wa nafaka ya rai ("rye"), au wa chachu wenye uchachu kidogo. Kisha viazi au matunda. Chagua matunda kama kuna pankeki mezani.

Kahawa huongezwa bure mara nyingi, na haitakoma mpaka ufunike kikombe kwa mkono au useme imetosha. Chai ni jambo la masikitiko. Utaletewa kikombe cha maji ya moto na kifuko pembeni. Ukitaka ya maziwa, omba maziwa ya moto, usishangae wakileta ya baridi. Tangawizi na iliki sahau.

Hatua ya 6: Omba boksi kabla hujashika uma

Sahani zikitua, kila mtu atacheka na simu zitatoka. Piga picha. Kisha, kabla ya kula, omba maboksi ya kufungia. Gawa nusu ya kila sahani, iweke boksini, funga, weka pembeni.

Wenyeji wako wanaweza kuona ni haraka mno. Lakini jambo hili lina msingi. Mwaka 2002, Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walichapisha utafiti ambamo watu wazima walipewa makaroni na jibini kwa vipimo tofauti siku tofauti. Walipopewa kipimo kikubwa kabisa walikula karibu asilimia 30 zaidi kuliko walipopewa kidogo, na bado walipoulizwa kuhusu njaa na shibe, majibu hayakutofautiana. Yaani jicho linakula hadi sahani inapoishia, tumbo halina habari. Ukishafunga nusu, sahani inaishia mapema.

Hatua ya 7: Kula kwa mpangilio

Anza na vile visivyoweza kupashwa moto kesho. Mayai yenye kiini laini, chochote chenye ile sosi ya Benedict, na matunda: hivyo kula hapo hapo. Ile sosi ikipashwa hujitenga, siagi huku na yai kule, na haifai tena. Kuku, viazi, vimkate na pankeki kavu vina maisha marefu, viache vikae nyuma.

Asali ya maji usiimwage juu ya pankeki nzima. Mimina kwenye kisahani, chovya kila tonge. Ile ya kawaida mezani ni sharubati ya mahindi iliyotiwa ladha, wakati ile halisi ya utomvu wa mti wa mepo ("maple") mara nyingi hutozwa pesa ya ziada, na kwa maoni yangu inastahili. Pilipili ipo ya chupa, chachu zaidi kuliko kali. Anayependa pilipili ya kwetu atamaliza nusu chupa akitafuta moto.

Simama kila baada ya dakika kumi, zungumza, kunywa maji. Hakuna atakayewafukuza, ingawa kama foleni ni ndefu mhudumu ataanza kupitapita na kuuliza kama mnahitaji kitu kingine. Maana yake bili iko tayari.

Hatua ya 8: Bili na bakshishi

Bei za menyu hazina kodi. Kodi ya mauzo huongezwa mwishoni na hutofautiana kwa jimbo na mji. Kama kila mtu atajilipia, sema kabla ya kuagiza ili bili zitenganishwe. Kutenganisha bili ya watu wanane baada ya kula ni kumtesa mhudumu. Na kama wewe ndiye uliyealikwa, usidhani kualikwa ni kulipiwa. Uliza kwa heshima mapema, au beba fedha.

Bakshishi si hiari kama kwetu. Sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi kulipwa na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini. Majimbo machache, California, Nevada, Washington na Minnesota yakiwemo, yanamtaka mwajiri alipe kima cha chini chote, lakini desturi ya kutoa haijakoma hata huko. Toa kati ya asilimia 15 na 20. Bili ya dola 50, acha dola 8 hadi 10. Kama mligawana sahani na mkakalia meza saa nzima na nusu, egemea upande wa juu: mhudumu amebeba sahani za ziada, maboksi na kahawa mara tano, na bili yenu ni ndogo. Kagua kwanza kama wameshaongeza wenyewe, jambo la kawaida kwa kundi la watu sita au zaidi, usije ukatoa mara mbili.

Hatua ya 9: Masalio

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kama ni kiangazi cha Las Vegas na boksi liko ndani ya gari, saa moja ni nyingi. Kama mna mipango ya kutembea baada ya kula, pitisheni boksi nyumbani au hotelini kwanza, au mpeni jirani wa foleni anayelitamani. Nyumbani, friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini. Masalio yanafaa kwa siku tatu hadi nne.

Viazi na kuku virudishe kwenye kikaango kikavu au ovini, si maikrowevu, ambayo huvilowesha. Vipate moto hadi katikati, nyuzi 74 kama una kipimajoto. Wafo irudi kwenye kichoma mkate na itakuwa karibu kama mpya. Mayai ya kuvuruga yaliyobaki yachanganye na vitunguu, nyanya na pilipili hoho, uyafungie ndani ya chapati. Wenyeji wako watakuomba uwafundishe.

Pankeki ile kubwa ikate vipande vinane, tenganisha kila kimoja kwa karatasi ya kuokea, weka kwenye mfuko, igandishe. Itatosha chai ya asubuhi nne, na hiyo ni nusu uliyoifunga tu.